Kadi Iliyoandikwa "Sosi ya Dada"

Dukani walimwita Jicho. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akichanganya rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na watu walimletea vitu vya ajabu, wakitaka rangi ya vitu hivyo iingie kwenye ndoo: kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, kifungo cha koti, siku moja hata ganda la yai. Mashine ya kupima rangi ilikuwepo, imefunikwa kitambaa. Jicho aliitazama kama mtu anavyomtazama shemeji asiyemwamini.

Hakuwa na haraka, na hilo liliwaudhi wateja. Alichanganya, akachovya kijiti, akapaka tone kwenye kadi nyeupe, akalikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha akalipeleka mlangoni penye mwanga. Mteja akisema, "Ndiyo hiyo hiyo, nipimie niende zangu," Jicho alitikisa kichwa. "Rangi mbichi inadanganya, ndugu yangu. Ngoja ikauke." Ikikauka ikawa haijafika, alisema "Bado," basi, hata mteja anune mpaka midomo ivimbe. Kwa mambo ya rangi, mtu huyu hakuwahi kumdanganya mtu.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine.

Nyumbani alikaa na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Jicho akiwa na miaka tisa. Dada alipofiwa na mume alihamia kwa mdogo wake, akaja na sufuria zake mwenyewe na kisu chake mwenyewe, na tangu siku hiyo jiko halikuwa na mjadala. Kila Jumapili alitengeneza sosi ya saladi, nzito, ya mtindi na majani mabichi, na sosi hiyo ilimfanya hata Jicho, adui wa majani ya kila aina, amalize bakuli zima kama mbuzi aliyekata kamba. Hakuna aliyejua inavyotengenezwa. Dada hakuandika popote. Alionja, akaongeza, akaonja tena.

Kisha yakaja mafua, yale makali ya kulaza mtu wiki nzima. Mafua yaliondoka, ila yaliondoka na harufu zote na ladha zote. Dada alinusa kitunguu, hakuna. Alinusa mafuta ya taa, hakuna. Ulimini chakula chote kikawa kama karatasi. Daktari alisema huenda harufu zikarudi, huenda zisirudi, naye Dada akamjibu kwamba hayo hata yeye angeyasema bila kusomea.

Alijaribu kupika hivyo hivyo. Jumapili moja jirani yao, fundi saa, alialikwa chakula cha mchana. Dada alitengeneza sosi, akamsogezea mdogo wake kijiko. "Onja. Iko sawa?"

Ilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Jicho alimeza, macho yakamtoka, akasema, "Iko vizuri kabisa, Dada." Mezani fundi saa alijaza kinywa, akakohoa, akanywa bilauri tatu za maji bila kupumua. Dada hakumtazama fundi saa. Alimtazama mdogo wake, muda mrefu, kisha akaondoa bakuli mezani.

Tangu hapo hakuingia jikoni ila kuchemsha chai. Alikula vipande vya mkate, akapungua mpaka pete ikawa inazunguka yenyewe kidoleni. Jicho alinunua chakula cha mkahawani, Dada asikiguse, akakiweka kwenye jokofu, mwishowe akakitupa. Wiki ya tisa, Dada alimpigia simu binti yake aliyeishi mji mwingine. "Njoo unichukue Jumamosi," alisema, mlango ukiwa wazi, bila kujificha. "Hapa nimekuwa mgeni."

Jicho alisikia kila neno. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nne, mwenye mvi masikioni, na aliogopa kuachwa na dada yake kama alivyoogopa akiwa na miaka tisa. Alifikiri. Na kwa kuwa alikuwa mchanganya rangi, alifikiri kama mchanganya rangi.

Dukani, kwenye droo ya chini, kulikuwa na kadi moja ya zamani. Miaka kadhaa nyuma sosi ilimwagikia shati lake la kazi, na mteja mmoja akalipenda lile doa, akataka jiko lake lote lipakwe rangi hiyo. Jicho aliipata rangi ya doa barabara, akahifadhi kadi, akaandika nyuma yake kwa penseli: Sosi ya Dada. Ijumaa aliomba ruhusa ya kutoka mapema, akaichukua kadi ile kwa uangalifu pamoja na mashine ya kukaushia nywele, akapitia sokoni.

Dada alikuwa ameenda kuagana na majirani. Jicho alifunga mlango wa jiko, akaisimamisha kadi dirishani, akaanza. Mtindi ndio uwe nyeupe ya msingi, hilo halikuwa na shida. Giligilani kwenye blenda ilitoa kijani chepesi mno, akaongeza mchicha mbichi. Kijani kikawa kizito, kikaelekea bluu. Akapunguza bluu hiyo kwa manjano ya unga, ncha ya kisu tu. Kila mara alipaka tone kwenye kadi mpya, akawasha mashine ya kukaushia nywele, akalinganisha. Bado. Bado. Kadi ya tisa ilikuwa yenyewe. Hata mwanga wa dirishani haukuweza kuitofautisha na ile ya zamani. Jicho alijipongeza kwa sauti, akachota kijiko kizima, akala.

Ilikuwa na ladha ya ukuta uliolowa mvua.

Alikuwa bado ameinamia sinki anatema pale Dada alipofungua mlango. Aliona mtindi umeruka hadi kwenye saa ya ukutani. Akaona kadi tisa zimepangwa dirishani, kila moja na doa la kijani lililokauka likapasuka. Akaona mashine ya nywele mkononi mwa mtu mwenye upara.

"Unafanya nini, wewe?"

"Natengeneza sosi yako."

"Kwa mashine hiyo?"

"Lazima ikauke ndiyo ujue."

Dada alichukua kadi ya tisa, akaigeuzageuza, akaisogeza karibu na ile ya zamani. "Umeweka nini?"

"Mtindi. Giligilani. Mchicha."

"Mchicha? Mbichi?"

"Kwa ajili ya kijani. Na manjano kidogo, kupunguza bluu."

Dada alivuta kiti, akakaa, akacheka mpaka akashika mbavu. Miezi miwili kicheko hicho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile. Jicho naye alicheka, ingawa mdomo bado ulikuwa na mchicha.

"Kwani sosi yangu ina rangi?" Dada aliuliza akijifuta machozi. "Sijawahi kuitazama hata siku moja."

"Basi niambie inaanzaje."

"Sijui, mdogo wangu. Ulimi ndio uliokuwa unajua." Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Jicho alitazama mikono ya dada yake, ile mikono iliyomfungia kamba za viatu utotoni. "Mikono je?" aliuliza. Aliweka mbele yake ubao, kisu chake, na fungu la giligilani lililobaki pamoja na majani mengine ya sokoni. "Usifikiri. Anza tu."

Dada alikishika kisu kwa kusitasita. Kisha mkono ukaanza kwenda wenyewe. Ulikata giligilani pamoja na vijiti vyake laini, ukakata majani ya kitunguu membamba kama uzi, ukachukua majani sita ya mnanaa, sita tu, ukayakunja pamoja kabla ya kuyakata. Jicho alisogea karibu kama mtu anayechungulia ndani ya saa. Mkono ukaponda punje moja ya kitunguu saumu kwa ubapa wa kisu, ukaisugua na chumvi mpaka ikawa uji.

"Kumbe chumvi inaingia hapo!"

"Kumbe," alisema Dada, naye akashangaa vilevile.

Mtindi ulimwagwa kwenye kitambaa safi, kitambaa kikafungwa kwenye bomba la sinki ili maji yachuruzike. Blenda haikuguswa. Mafuta yaliingia kidogo kidogo huku kijiko kikizunguka, limau likafuata, pilipili manga ikasagwa juu. Jicho alinyoosha kijiko aonje, akapigwa kofi mkononi.

"Ilale kwanza. Nusu saa kwenye jokofu. Ikiwa mbichi haisemi kweli."

Jicho alimkodolea macho. Miaka yote hiyo walikuwa wakisubiri kitu kilekile, yeye dukani, dada yake jikoni, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Walisubiri wakiosha vyombo. Nusu saa ilipofika Dada aliitoa sosi, akachota, akamsogezea kijiko kama ile Jumapili.

"Iko sawa?"

Jicho alionja. Ilikuwa imekaribia mno. Baridi ilikuja kwanza, kisha giligilani, kisha mnanaa kwa mbali, Jumapili zote za nyuma zikasimama ulimini. Alitamani kusema ni tamu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Chumvi imezidi, Dada."

Dada alirudisha kijiko kwenye bakuli.

"Imezidi sana?"

"Kidogo. Vijiko viwili vya mtindi vitatosha. Na limau halijatokea."

"Na ile Jumapili?"

"Ile ilikuwa hailiki. Niliogopa kukuumiza."

"Fundi saa angekohoa siku nzima nisingejali," Dada alisema polepole. "Wewe ulijua, ukaniacha niipeleke mezani. Mimi siwezi kuonja tena. Ukinidanganya wewe, nitapikaje?"

"Sitarudia."

Dada aliongeza vijiko viwili vya mtindi, akakamua limau, akakoroga. Akamsogezea kijiko tena. Jicho alionja, akafumba macho, akasubiri itulie ulimini kama anavyosubiri tone likauke.

"Bado," alisema.

Dada akachukua limau jingine, akalikata katikati. "Mpigie simu mwanangu," alisema, akikamua. "Mwambie kesho asije. Huku bado hatujamaliza."