Kopo la Vidonge Vilivyobaki

Kuna Ijumaa moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko sikukuu zote nilizopitisha Dubai. Wenzangu watano niliokaa nao chumba kimoja mtaa wa Al Barsha walikuwa wameenda kanisani, maana kule ibada yetu ilikuwa Ijumaa. Mimi nilibaki kitandani natetemeka chini ya blanketi, na nje jua la Julai linawaka. Ubavu uliniuma kwa nyuma. Simu ikalia, ni mama, kutoka Kitale. Nikamwambia niko sawa, nimepumzika tu. Akafurahi, akakata. Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza vile.

Nikueleze nilivyofika hapo. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nami ni mlinzi kwenye lango la jengo kubwa la maduka, zamu ya saa kumi na mbili. Ukitaka kwenda msalani ulipaswa kuita kwenye redio uletewe mtu wa kukushikia lango, na kila mwenye redio anasikia. Walinzi wanaume walitucheka sisi wanawake: "Lango la tatu tena? Huyu amekunywa bahari?" Basi nikaacha kunywa maji tangu alfajiri mpaka zamu iishe, na nikajiona mjanja.

Haukupita muda mkojo ukaanza kuchoma. Unatoka matone machache, na ukiondoka tu unataka kurudi. Sasa, jikoni kwetu palikuwa na kopo la maziwa ya unga tulimotia vidonge vilivyobaki. Mtu akipata nafuu siku ya pili anaacha dawa, na zilizobaki anazitia humo zimfae mwenzake. Tuliona huo ni upendo. Nilimeza vidonge vinne, nikapona. Baada ya wiki chache ugonjwa ukarudi, nikameza vya rangi nyingine. Ijumaa hiyo ilikuwa mara ya nne, na kopo halikusaidia kitu.

Nilikuwa nimejificha kwa sababu niliogopa kampuni ikijua naumwa itanirudisha nyumbani kabla ya mkataba kwisha. Lakini homa ilipozidi nilijikokota hadi kliniki ya jirani, kopo likiwa mkobani ili daktari aone nilichomeza. Aliyenipokea ni Bi Nuru, muuguzi wa Kizanzibari, mtu mzima aliyezeekea mji ule. Akalifungua kopo, akachungulia.

"Dawa za nani hizi?"

"Zetu sote, Mama."

"Nyote mwaumwa?"

"Sijui. Hatuongeleangi hayo mambo."

"Humsemeshi mwenzio, lakini dawa yake waimeza." Akalifunika. "Walinda maduka ya watu, na wewe nani akulinde? Njoo, nishike mkono."

Alichukua mkojo wangu kwanza, kabla sijapewa dawa yoyote, ukapelekwa maabara kuoteshwa ijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi inakiua. Maambukizi yalikuwa yameshapanda kutoka kibofu hadi figo. Vile vidonge vinne vinne vilikuwa vikiua vijidudu dhaifu na kuacha vile sugu. Nikiwa nimetundikiwa dripu, Bi Nuru alimaliza zamu yake, akavuta kiti, akakaa nami.

"Na kazi, Mama?"

"Kazi daktari atakuandikia cheti. Figo mpya hawezi kukuandikia."

Niliporudi chumbani nililiweka kopo mezani, tupu. Dawa zenyewe Bi Nuru alizipeleka famasi zikaharibiwe. Nikawauliza wenzangu waziwazi ni nani mwingine mkojo unamchoma. Wanjiku wa kitanda cha juu akacheka. "Kumbe? Na mimi nilidhani nimerogwa peke yangu." Tulikuwa wanne kati ya sita, mwanangu. Vitanda vinagusana, na kila mmoja anaugua peke yake. Wiki iliyofuata tulikwenda wanne kwa madam msimamizi. Alitusikiliza, akasema khalas, yaani basi imekwisha, mtu wa kushika lango atapita mwenyewe kila baada ya saa tatu, bila redio.

Kwa hiyo kunywa maji hata pale choo kilipo mbali, na mkojo ukibana, nenda. Nenda pia ukimaliza kukutana na mumeo. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, wala usijioshe ndani kwa sabuni za manukato. Ukihisi kuchoma, mkojo upimwe kwanza, kisha meza dawa uliyoandikiwa wewe mpaka siku aliyosema daktari. Ukiwa na homa, kutapika, maumivu ya ubavu, au ukiwa mjamzito, usingoje kesho. Ukiugua mara mbili ndani ya nusu mwaka, mwambie daktari hivyo hivyo, maana kinga zipo: wengine hupewa dozi ndogo kwa muda maalumu, na sisi tuliokoma hedhi hupewa krimu ya homoni ya kutia ukeni. Na pengine utafanya yote haya na bado uugue. Hilo si kosa lako, wala si uchafu wako.

Mungu akupe afya, mwanangu, na popote utakapokuwa mbali na kwenu akuwekee karibu mtu wa kumwambia unapoumwa. Akikosekana, nipigie mimi, na usiniambie uko sawa.