Kichwa cha Mama Mkubwa Mariamu

Nakumbuka asubuhi moja ya Rumonge, kando ya ziwa, mwanangu, naikumbuka hata kwa harufu yake. Ndagala, dagaa wa kwetu, zilikuwa zimeanikwa mchangani, mawese yanachemka nyuma ya nyumba, na Mama mkubwa Mariamu, dadake mama, yule aliyenilea, hakuwa akiimba. Yeye hakuwahi kuanza kazi bila kuimba. Majirani walimsikia kabla ya kumwona. Siku zile nikizikumbuka, moyo wangu unarudi kule.

Nilimkuta amekaa chini, ameshika paji la uso upande wa kulia.

"Kichwa kinanipasuka upande huu tu," akasema. "Tangu jana jioni. Nikitazama taa naona duara la rangi, kama upinde wa mvua."

Akatapika. Basi majirani wakajaa, na penye wengi pana mengi. Huyu akasema ni kipandauso tu, alale gizani kitapita. Yule akasema malaria, si anatapika? Jirani mmoja alikwisha kuja na wembe, amchanje paji la uso amsugulie dawa. Mimi, msichana, nilichemsha maji nikamkanda. Ningejua nini zaidi?

Ndipo Mjomba Ramazani, kaka yao, akafika kutoka Gatete na mkungu wake wa ndizi. Hakugusa kichwa. Aliinama, akamtazama dada yake usoni.

"Hili jicho iko jekundu tangu lini?"

Tukasogea kutazama. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

"Mariamu, funga la kushoto. Unaniona?"

"Nakuona kama uko mu moshi."

Mjomba akamgeukia jirani. "Murakoze, asante, mama, lakini wembe weka. Munauliza kichwa, na jicho ndilo linalia."

Tukapanda gari la Bujumbura saa ile ile, kichwa chake begani kwangu. Tulipopita Kabezi alinishika mkono, akauliza kama ziwa linang'aa. Lilikuwa linang'aa.

Munganga, daktari wa macho, alitueleza kwamba maji ya ndani ya jicho yamekosa njia ya kutoka, jicho limejaa presha, na maumivu ya kichwa yametoka humo. Jicho la kulia likabaki kuona vivuli tu. La kushoto waliliwahi, wakalitibu kabla halijaugua, na alilitumia mpaka Mungu alipomchukua.

Mwanangu, maumivu ya upande mmoja wa paji yana milango mingi. Mara nyingi ni kipandauso kweli, kile kinachochukia mwanga na kelele. Pengine mafua yameziba nyuma ya nyusi, na ukiinama yanazidi. Au jino bovu linapeleka uchungu wake juu. Kwa mzee, hata mshipa wa panja huweza kuugua. Usichukue jibu kwa kuwa tu jirani amelisema kwa sauti kubwa. Lakini jicho likiwa jekundu, kuona kukififia, au maumivu yakikujia ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kuyajua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukimuuguza mtu, mtazame usoni kwanza, ndipo uupe ugonjwa wake jina.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na siku utakapougua akupe mtu wa kukutazama vizuri. Amina.