Kuitika Kila Mwito

Nilipozidiwa na ugonjwa, wateja wangu walijifunza kugonga meza. Nina kibanda cha chai Malaba, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri makaratasi, na madereva si watu wa kunong'ona. Dereva mwenye njaa huagiza akiwa bado barabarani: chai, chapati, maharage, haraka. Mimi nilikuwa nasimama tu na upawa mkononi, simjibu mtu. Wengine waliondoka wakisonya. Hawakujua kwamba kabla yao nilikuwa nimeshapeleka chai kwa watu ambao hawakuagiza, nikaambiwa, "Mama, mimi sijaitisha kitu," nikarudi nayo nimeinamisha kichwa.

Mambo hayakuanza na sauti. Yalianza na uzito. Kuamka asubuhi kukanda unga kukawa sawa na kubeba gunia. Chakula kikakosa ladha, moyo ukawa unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, na kila lori lililopiga honi lilinishtua. Nililia bila kufiwa. Watu walisema ni mawazo tu, baba wa mtoto kaondoka na hajarudi, yatapita. Hayakupita. Kisha siku moja, nikiwa namenya vitunguu, mwanamume akasema nyuma yangu, "Mwone anavyomenya." Nikageuka. Kulikuwa na ukuta wa mabati na kalenda ya mwaka uliopita.

Huyo mwanamume alihamia. Kutwa nzima alinitangaza kama mechi ya mpira: anamimina, amemwaga, huyu hafai. Akafuatwa na mwanamke mwenye mdomo mchafu kumshinda. Hao niliwachukia, na kuwachukia kulinipa nguvu kidogo. Aliyenimaliza ni wa tatu, kwa sababu alikuja na sauti ya binti yangu. Aliita "Mama" basi, vilevile anavyoita yeye, akivuta mwisho, hata kama mtoto mwenyewe yuko shuleni.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Mwenye shida nawe atakuja mpaka ulipo. Bibi yangu alitufundisha hivyo huko kijijini kwetu Dabani na sikuwahi kuuliza sababu. Lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa mikono kabla ya kula. Basi nikafanya nilivyofundishwa. Niliacha kuwaitikia wasioonekana, na kwa kuwa sikujua tena nani yupo na nani hayupo, nikaacha kumwitikia mtu yeyote.

Wazo la meza lilikuwa la jirani yangu, mama anayevuka kila siku kutoka Kenya kuja kuuza nguo za mitumba kando ya kibanda changu. Ni mtu wa kanisa, lakini hana subira na habari za mapepo. Wakati wengine wakiniombea kwa kelele mpaka kichwa kinaniuma, yeye aliniuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Hao wanaokuongelesha, wanaweza kugonga meza?"

Nikafikiri. Nikamwambia hapana, wao ni mdomo tu.

"Basi hawa madereva wagonge."

Aliwatangazia yeye mwenyewe, mikono kiunoni, nao wakatii. Gonga meza kwa kijiko kwanza, ndipo uagize. Madereva wageni walidhani ndiyo desturi ya Malaba, na nasikia kuna waliokwenda kugonga meza za watu hadi Tororo. Chai yangu ikarudi kuuzika.

Ni jirani huyohuyo aliyenipeleka hospitali, Tororo, kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Nilijifunika leso hadi machoni nisije nikaonwa na mtu anayenijua, na mtu wa kwanza niliyemkuta kwenye benchi alikuwa mwimba kwaya wa kanisani kwetu, naye kajifunika. Hatukusalimiana. Nilipewa dawa. Zilinilaza, zikaninenepesha, zikanikausha mdomo, na zikanisaidia. Uzito ulishuka kidogo kidogo. Yule mwanamke wa matusi aliondoka kabisa, na sikumuaga.

Lakini mtoto hakuwepo kuyaona hayo. Mama yangu alikuwa ameshakuja kutoka Dabani kututazama, akamkuta binti yangu amesimama mlangoni ananiita, na mimi nimempa mgongo nasugua sufuria. Alimfungia nguo zake akaondoka naye. Nilimchukia mama kwa hilo, halafu nikaacha, maana hata mimi ningefanya hivyo.

Nilipopata nafuu nilikwenda kumwomba anirudishie mwanangu. Nilimweleza habari za meza, tena kwa majivuno. Mama huongea Kisamia polepole, hapandishi sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtoto akishikwa na moto, atagonga meza ipi?"

Nilirudi Malaba kwa bodaboda nikilia njia nzima, na mwenye pikipiki, Mungu ambariki, akajifanya hasikii.

Tangu hapo nikawa nasubiri ukimya. Kila nilipokwenda kuchukua dawa nilimuuliza nesi ni lini watanyamaza wote. Huyo nesi ni mwanamke mpole ambaye miwani yake haiishi kuteremka puani. Siku moja nilimuuliza kwa hasira, nikamwambia mtoto wangu anakua kwa watu huku nikimeza vidonge.

"Wanaweza kunyamaza," alisema. "Wanaweza pia kubaki kidogo. Hiyo sauti ya mtoto ikikuita, wewe unafanyaje?"

"Nanyamaza."

"Ukinyamaza, inaacha?"

"Haiachi."

"Na mtoto mwenyewe akikuita?"

Nikasema nanyamaza pia. Aliandika dawa zangu, akaita mgonjwa mwingine.

Nilikasirika naye siku kadhaa. Kisha nikiwa nakanda unga, hasira ikaanza kugeuka hesabu. Nikiitika mwito wa uongo, napoteza nini? Nitatoka nje, nitakuta hakuna mtu, nitarudi. Nisipoitika wa kweli, napoteza mtoto. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimempoteza, kwa kujilinda. Bibi yangu anisamehe huko aliko, lakini yeye alitufundisha hivyo akiwa na masikio mazima. Niliamua kwamba kila mwito utakaokuja kwa sauti ya binti yangu nitauitika, uwe wake au usiwe wake. Yule mwanamume aendelee kutangaza vitunguu mpaka achoke.

Shule zilipofunga, mama alimleta mtoto. Hakumwacha. Aliweka kiti mlangoni pa chumba changu nyuma ya kibanda, akakaa na mikono mapajani, ananiangalia. Mimi nikaanza. Nikisikia "Mama," naitika "Wangi," kama tunavyoitika upande huu, nafuta mikono, natoka. Namkuta anaruka kamba na watoto wa wapangaji.

"Mimi sikuita," anasema.

"Haya, cheza."

Narudi. Nikisikia tena, natoka tena. Watoto wa wapangaji walicheka, na siwezi kuwalaumu, maana nilionekana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama hakucheka.

"Unawaitikia," aliniambia jioni, na nilisikia woga katika sauti yake.

"Namwitikia mtoto. Wengine wakijipenyeza humohumo, shauri yao."

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka bure mara nyingi mpaka miguu ikaniuma, na chapati zilikuwa zinaungua. Sauti ikaita. Ningependa kusema kwamba moyo wa mama ulijua. Haukujua kitu. Ilikuwa sawasawa na zile zote zilizotangulia, na mwanamume alikuwa anasema, "Anakwenda tena, mjinga." Nilitukana, nikaitika, nikaepua kikaango, nikaenda. Binti yangu alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, macho ameyafumba kwa povu la sabuni, mkono unapapasa hewani kutafuta beseni. Nilimmwagia maji usoni. Akafumbua macho, akaniona, akaendelea kujisugua shingo kana kwamba hakuna lolote lililotokea. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kando ya kiti chake. Akakaa tena.

Kesho yake aliondoka mapema. Mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa kitandani kwangu, na sare ya shule ilikuwa juu, imekunjwa. "Utamleta Krismasi," alisema tu, akapanda bodaboda. Nililia mbele ya madereva wote, na mmoja akagonga meza taratibu kabisa, akaniambia ataisubiri chai.

Bado nakunywa dawa. Sauti ya mtoto haijaniacha, ingawa imepungua, na mtoto mwenyewe amezoea kuniona nikichungulia. Juzi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango anafanya kazi ya shule. Nikasikia "Mama," nikaitika, nikatoka na unga mikononi.

"Sikuita, mama," alisema, bila kuinua macho.

"Najua."

Nikageuka kurudi jikoni. Akaitoa penseli mdomoni.

"Basi nakuita saa hii," akasema. "Mama."