Baba Aliyeogopa Mdomo wa Mwanawe

Herman alikuwa mkulima wa vitunguu saumu huko Daudi, wilayani Mbulu, na msimu wa shamba ukipoa alichonga milango na madirisha. Watu walimfuata kwa sababu ya mikono yake. Mlango wa Herman ulifungika bila kusukumwa na bega. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mikono hiyo ilikataa kulifanya kwa miaka mingi: kugusa mdomo wa binti yake, Eva.

Eva alizaliwa mwaka ule Mbulu ilipoingizwa katika mkoa mpya wa Manyara. Kabla hajajua kukaa alishikwa na kuhara na homa. Bibi Letisia, mama yake Herman, alimfunua fizi za chini akaona vivimbe vyeupe.

"Ni meno ya plastiki," akasema. "Yasipotolewa huyu tunamzika."

Agatha, mke wa Herman, alitaka waende hospitali. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na Bibi Letisia alikuwa ameshazika wanawe wawili kwa kuhara. Nani angembishia? Wakampeleka mtoto kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akichimba meno hayo kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Agatha alishindwa kutazama, akatoka nje. Herman akaambiwa ashike kichwa cha mtoto kisitikisike. Akakishika.

Baada ya hapo Eva alivimba shingo, akaacha kunyonya. Herman alimfunga kifuani kwa blanketi akatembea naye kwenye matope mpaka Mbulu. Walilazwa muda mrefu. Muuguzi aliwaambia kwamba vile vivimbe yalikuwa meno ya kawaida ambayo hayajatoka, na kwamba kuhara kungetibiwa kwa maji ya chumvi na sukari. Herman alisikiliza mpaka mwisho. Eva akapona. Lakini tangu siku hiyo, mtoto akipiga miayo baba yake aligeuka pembeni.

Kule nyumbani meno ya rangi ya kahawia hayamshangazi mtu. Maji ya visima ndiyo huyatia rangi hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyeyatazama sana meno ya Eva mpaka alipofika darasa la pili. Meno ya utoto yalikuwa yanang'oka, ya ukubwani yanaota, na kila akifunga mdomo taya la chini lilikwenda kushoto. Alitafuna upande mmoja, polepole. Wenzake shuleni wakamwita Ndama. Akaanza kurudi nyumbani na makande yake hayajaguswa.

Agatha akampeleka Mbulu kwa daktari wa meno aliyeitwa Salma, binti wa wafanyabiashara wa mjini hapo. Aliporudi alimweleza mumewe jioni ile ile, wakiwa wanakoka moto.

"Daktari anasema taya lake la juu ni jembamba. Akifunga mdomo, la chini linakosa pa kukaa, linateleza. Kuna kifaa cha kuvaa, kinaitwa pleti. Kinapanua taya kidogo kidogo. Anasema tufanye sasa, mfupa ungali laini. Akishakuwa mtu mzima itabidi apasuliwe."

"Hapana," Herman akasema.

"Baba Eva, hujasikia hata—"

"Nimesikia. Mdomo wa huyu mtoto umeshaguswa vya kutosha."

Agatha aliacha ipite, akarudia baada ya mavuno, akarudia tena Krismasi ilipopita. Kila mara Herman alinyanyuka akaenda kwenye mbao zake. Eva akajifunza kucheka na kiganja mdomoni.

Mwishowe Daktari Salma aliagiza kwamba anataka kumwona baba mwenyewe. Herman akaenda, kwa heshima tu. Daktari akabandika picha ya eksirei kwenye taa.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa kukusumbua. Tazama hapa chini. Pande zote mbili kuna meno hayapo. Hayajachelewa kuota, hayapo kabisa. Alichimbwa akiwa mchanga?"

Herman alitazama zile nafasi mbili nyeusi. "Nilimshika mimi," akasema.

Daktari hakumlaumu. "Hayo siwezi kuyarudisha. Ila hili la taya linarekebishika, na ukikataa litazidi kwenda upande. Uso wake wote utalifuata."

Herman alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa bodaboda zilikuwepo. Asubuhi alimwambia Agatha amtayarishe mtoto. Walipanda lori la wanunuzi wa vitunguu mpaka Arusha, kwenye kliniki ambayo Daktari Salma aliwaandikia, na baadaye wakarudi na pleti, pamoja na kifunguo chembamba kama sindano. Kila Jumapili mzazi alitakiwa kuzungusha skrubu ya pleti kidogo, kisha mtoto aivae ikiwa imembana. Agatha ndiye aliyefanya.

Kisha Agatha akaitwa kwao Endasak kumuuguza mama yake. Jumapili ikafika. Eva akamletea baba yake pleti na kifunguo.

Herman alizungusha skrubu. Hiyo ilikuwa kazi ndogo kwa fundi. Lakini Eva alipofumbua mdomo, akisubiri, Herman aliiweka pleti mezani.

"Siwezi, mwanangu."

"Mama huwa ananishika kichwa halafu anaisukuma," Eva akasema.

"Mimi sitakushika. Sitakushika kamwe."

Eva alimtazama, hakuelewa. Herman akaenda chumbani akaleta kioo chake cha kunyolea, akakiegemeza kwenye dumu la maji. "Ivae mwenyewe. Mimi nipo hapa."

Eva alijaribu, ikagoma, machozi yakamtoka. Akajaribu tena, akauma kwa nguvu, ikaingia. Herman alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Alikuwa analia na yeye, lakini hakuangalia pembeni. Kuanzia hapo Eva alijivalisha pleti yake kila wiki, na Agatha aliporudi hakuombwa tena.

Kabla Eva hajamaliza shule ya msingi taya lilikuwa limekaa katikati. Alikula makande kwa pande zote mbili, na jina la Ndama likafa. Mapengo mawili ya chini yalibaki.

Amani nyumbani haikuja yote. Bibi Letisia alishikilia mpaka uzee wake kwamba bila ile spoku Eva asingekuwepo, na Herman akisikia hivyo alinyanyuka bila kumaliza kula. Hakumkosea heshima mama yake, lakini hakukaa naye meza moja kwa raha tena. Eva alipokwenda sekondari, baba yake alipitia kwa Daktari Salma kuuliza kama kuna meno ya kuziba yale mapengo. Akaambiwa yapo, ila asubiri kwanza binti amalize kukua.

"Tutasubiri," Herman akasema, akachukua kofia yake.