Petroli Aliyoichanganya Wafula

Haya niliyaona mwenyewe, na macho yangu hayajaanza kuomba msaada wa miwani. Ulikuwa ule mwaka ambao sisi watu wa Kitale, sisi tunaolisha nchi nzima, tulikula ugali wa mahindi ya Uganda. Viwavi walikuwa wamemaliza mahindi shambani, mvua ikaozesha yale machache yaliyobaki, na magunia yakawa yanaingia kwa mpaka wa Suam. Ugali ulinuka gunia. Tuliula hivyo hivyo, na mboga ya mrenda. Kama ulikuwa huku, unajua ninasema mwaka gani, na unajua mto wetu Nzoia ulifura vipi.

Mume wangu Wafula alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Kifua kilimmaliza. Alikuwa na boti chini huko, upande wa Moi's Bridge. Injini yake aliitoa kwa wavuvi wa Port Victoria, akaileta juu ya lori la samaki, watu wakamcheka: "Wafula, sasa unaenda kuvua mahindi?" Akacheka pamoja nao, kisha akaanza kuwavusha hao hao na magunia yao. Mimi aliniita mwenye boti. Nikifika ukingoni alivua kofia, akapangusa ubao wa mbele nayo, akaniambia, "Mwenye boti, panda. Nafasi yako nimeipangusa." Mbele ya watu! Nilijifanya nimekasirika. Ati nimekasirika.

Alipokufa, hakuna aliyeigusa ile injini. Kwetu, vitu vya marehemu haviguswi mpaka jamaa wakae chini wavigawe. Na ndugu za Wafula, kukaa chini kwao ni kazi kweli! Huyu ana harusi, yule ana mgonjwa, yule hasemi na huyu. Injini ikabaki na petroli ndani, petroli aliyoichanganya na oili kwa mkono wake mwenyewe. Walipokaa mwishowe, walisema boti ni yangu. Wangesema nini kingine? Kuiendesha alinifundisha mimi, si wao.

Nikamwita Njoroge, fundi wa mashine za kusaga pale Kitale. Alivuta kamba mpaka shati likalowa. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Akafungua tangi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kama amepigwa kofi.

"Mama, hii petroli imekufa."

"Imekufa aje? Kwani ilikuwa na roho?"

"Ikikaa sana inaharibika. Si uangalie mwenyewe."

Nikaangalia. Ilikuwa nyeusi nyeusi kama chai isiyo na maziwa, na kabureta ilikuwa imejaa utando wa kunata kama kamasi. Njoroge aliiosha ile kabureta, akaikausha, akabadilisha plagi. Akachomoa mpira unaoleta petroli, akauacha ndani ya boti, akanipa tangi nirudi nalo nyumbani.

"Lioshe, likauke kabisa, ndiyo utie petroli mpya. Hii ya zamani mwaga kwa shimo, mbali na mto, mbali na moto. Usichanganye hata tone, Mama. Umenisikia?"

Nilimsikia. Tangi nililiosha, nikalikausha juani, nikatia petroli mpya. Lakini ile ya zamani sikumwaga. Niliitia kwa chupa, nikaiweka chini ya kitanda. Ungefanya nini, wewe? Mkono wa mtu wangu ulikuwa mle ndani. Kabla ya kulala nilifungua kizibo nikanusa. Harufu kali, chachu, ya kuumiza pua. Lakini niamini, nyuma ya ule ukali nilimsikia Wafula.

Kulipoanza kupambazuka Nekesa alinigongea dirisha. Huyu ni mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe yuko Kanduyi, anajengea watu nyumba. Walioana baada ya mazishi, kwa hiyo Nekesa hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Alikuwa amejishika kiuno.

"Mama, uchungu umeanza."

Daraja letu la miguu lilikuwa limebebwa na maji, na hospitali iko ng'ambo. Nikajitwika lile tangi kichwani, nikamshika mkono, tukateremka. Ukungu ulikuwa mzito, miguu yetu wenyewe tuliiona kwa shida. Kabla hatujafika tukasikia injini inanguruma. Vizuri, safi, bila kukohoa.

"Fundi amekuja mapema," Nekesa akasema. "Mungu ni mwema."

Mimi pia nilidhani ni Njoroge. Mwanaume alikuwa amekaa nyuma ya boti, mkono juu ya injini, kofia imeshuka usoni. Nekesa akainua mguu apande. Yule mtu akavua kofia, akainama, akapangusa ubao wa mbele, akasema:

"Mwenye boti, panda. Nafasi yako nimeipangusa."

Hapo ndipo uzito uliponikumbusha. Tangi lilikuwa kichwani mwangu! Sasa ile injini ilikuwa inakunywa nini? Nikatazama chini: mpira wa petroli ulikuwa umelala pale pale Njoroge alipouacha, mdomo wazi, haujashika kitu. Na ukungu wote ulikuwa unanuka ile chupa yangu.

Nilimvuta Nekesa kwa fundo la leso yake hata akakaa kwenye tope.

"Mama! Unaniua!"

"Nyamaza. Usimwangalie."

Yule mtu akaninyooshea mkono. Kidole gumba kilikuwa na kovu la panga, lile lile la Wafula. Nitakudanganya kwa nini, na umri huu? Nilitaka kupanda. Boti yote ilikuwa inatiririka umande, ila ule ubao mmoja ulikuwa mkavu, na mimi nilikuwa nimelala peke yangu kwa kitanda baridi tangu tumzike. Mguu wangu ulikuwa umeshaingia majini. Kama ningekuwa peke yangu asubuhi ile, wewe usingesoma haya.

Nekesa akalia kwa uchungu nyuma yangu. Mtoto alikuwa hangoji.

Nikasema, "Wafula, sipandi. Mimi bado nina watu wa kulisha."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa chakula bado. Akavaa kofia. Mlio wa injini ukaenda katikati ya mto, ukaenda, ukapotea, na boti sikuiona ikisogea. Ukungu ulipofunguka kidogo, ilikuwa pale pale, tupu, imefungwa kwa mnyororo na kufuli, ufunguo uko kifuani mwangu. Niligusa injini: baridi kama jiwe. Niligusa ubao wa mbele: mkavu.

Sikupanda ile boti. Tulipanda bodaboda, Nekesa katikati, mimi nyuma nimemshikilia, tukazunguka njia ndefu mpaka daraja kubwa. Mtoto alizaliwa tukiwa tumeshuka tu mlangoni, nesi akampokea kwa leso yangu. Mvulana. Jina lake hatukuhangaika kulitafuta.

Jioni Nekesa akaniuliza, "Mama, yule mwanaume wa boti alikuwa nani? Mbona alikuwa analia?" Ndiyo nikajua sikuona peke yangu.

Petroli nilimwaga kesho yake kwa shimo, nikafukia. Injini iko stoo, haina tone. Lakini harufu imekataa kutoka chumbani mwangu. Nimepaka ukuta chokaa, nimechoma godoro, bado iko. Na wewe, kama una pampu au jenereta au pikipiki ya marehemu, na mafuta yake bado yako ndani, usingoje jamaa wakae. Mwaga. Shemeji wapige kelele, mwaga. Usiyatie kwa chupa, na usinuse.

Maana kila msimu wa mvua, ukungu ukishuka, naisikia ikinguruma huko chini. Hata leo asubuhi. Nilikuwa nasonga ugali wa mahindi yetu wenyewe, mjukuu wangu amekaa kando ya jiko anangoja, na sauti ikapanda kutoka mtoni: "Mwenye boti, panda. Nafasi yako nimeipangusa."

Sikuacha mwiko. Nilijibu kwa nguvu, mpaka mtoto akaniangalia:

"Wafula, sipandi. Mimi bado nina watu wa kulisha."