Upupu wa Tekla

Masika ya mwaka 1975 yalipoanza, Tekla alifukia mbegu nyeusi katika robo eka aliyopewa na kijiji huko Pugu. Shamba lilikuwa limejaa ndago, magugu sugu yenye viazi vidogo ardhini. Alilima, akang'oa, akachoma, lakini wiki mbili baadaye zilichomoza tena. Kwao Masasi, mama yake alizimaliza kwa upupu usiowasha, mmea unaotambaa ukafunika ardhi mpaka magugu yakakosa jua. Kaka yake, Kasimiri, ndiye aliyemletea mbegu.

Kosa la Tekla lilikuwa kutaja jina. Wanawake walimuuliza bombani amepanda nini, akajibu kwamba ni upupu. Jioni hiyohiyo habari ilimfikia Mzee Mwinjuma, balozi wa nyumba kumi. Wenyeji waliujua upupu wa porini tu, ambao ukikugusa unajikuna hadi damu. Kuupanda jirani na shamba la kijiji kulitosha mtu kuitwa mhujumu. Tekla alijitetea kwamba wa kwao hauwashi. Balozi akasema watasubiri maganda yakauke. Ukiwasha, atanyang'anywa shamba na kuhamishwa.

Lakini Kasimiri alikuwa amezinunua mbegu hizo mnadani, na Tekla hakuweza kuzitofautisha na zile za porini. Miezi yote ile aliona ndago zikigeuka njano na kuoza chini ya majani, asifurahi. Maganda yalipotoka, hakuthubutu kuyagusa. Alianza kujikuna hata akiwa kanisani.

Mwezi wa Agosti balozi alikuja na majirani, wengine wamejifunika kanga mpaka puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, mama, chuma. Sie tutakaa hapahapa."

"Ukianza kucheza sindimba ya huko kwenu kusini, tutakupigia ngoma," alisema mmoja nyuma, wakacheka.

Tekla alichuma ganda, akalisugua mkononi, kisha shingoni. Kitu kilimtambaa mgongoni, akafumba macho. Lilikuwa jasho. Walisubiri mpaka kicheko kikaisha, ngozi yake ikabaki vilevile.

Mzee Mwinjuma alisogea, akaligusa ganda kwa ncha ya kidole. Kisha akafunua majani, akachimbua udongo. Ulikuwa laini, hauna ndago hata moja.

"Mwanangu, nipe mbegu," alisema. "Ila utafute jina jingine. Kwa jina hili, mke wangu atanifukuza."

Tekla aliinama kuchuma. Alimjazia mzee maganda viganjani, safari hii bila kufumba macho.