Somo Lililoshushwa Juu ya Kichuguu

Mwalimu Verediana, mzaliwa wa Kasulu, amefundisha Kemia kwa miaka kumi na mmoja katika shule ya sekondari ya kata, vilimani nje ya mji wa Kibondo. Maabara ya shule hiyo ina bika moja, nayo huwekewa chaki. Kwa hiyo, alipogundua tovuti inayotoa bure video za majaribio na mitihani ya miaka iliyopita, alimkumbatia mkuu wa shule, jambo ambalo wote wawili wanakataa kulizungumzia.

Mtandao, hata hivyo, hupatikana mahali pamoja tu: juu ya kichuguu kilicho kando ya njia ya sokoni, simu ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa. Kuhusu kimo cha kichuguu mashahidi wanatofautiana. Kuhusu simu kuinuliwa, hawatofautiani.

Jumamosi moja asubuhi alikipanda akiwa na chaji asilimia kumi na tisa. Jumatatu wanafunzi wake arobaini na sita wa kidato cha nne wangefanya mtihani wa vitendo katika shule ya jirani yenye maabara kamili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona bureti, mrija mrefu wa kioo wa kupimia kimiminika. Video ya dakika tisa ingewaonyesha jinsi ya kuitumia.

Video ilipokuwa imepakuliwa asilimia sitini na mbili, akatokea Zaitun, mwuza vitenge, beseni kichwani.

"Mwakeye, mwalimu!" akamwamkia kwa Kiha.

Huku mwanamke hasalimu kwa mkono mmoja. Hupiga makofi taratibu, akiinama kidogo, hadi salamu iishe. Mwaka uliotangulia Verediana alithubutu kupunga mkono mmoja tu, na habari zikamfikia mama yake Kasulu kabla yeye hajashuka kichuguuni. Akaishusha simu, akapiga makofi. Video ikakatika, ikarudi sifuri.

"Nipe nikushikie," Zaitun akasema baada ya kuelezwa. Akatua beseni, akapanda, akainua simu. Asilimia themanini. Tisini na moja. Ndipo akatokea Mzee Longinus, ambaye salamu zake hupitia watoto, mbuzi, maharage na wakwe, kwa mpangilio huo.

"Mwakeye, wanangu!"

Zaitun naye akapiga makofi hadi kwenye mbuzi. Sifuri.

"Dada Zaitun!"

"Ulitaka nimwitikie mzee kwa pua?"

Chaji ilibaki asilimia sita. "Watoto wangu wataishika bureti kama mchi wa kinu," Verediana akalalamika.

Zaitun akalitazama beseni lake. "Mwalimu, nimesalimia watu tangu nyumbani, na hakuna kitenge kilichoanguka. Panda, kisha upige magoti."

Akamtwika beseni kichwani, akaanzisha video upya, akaiweka simu juu ya rundo la vitenge. Verediana akainuka polepole, shingo imenyooka kama mlingoti wa bendera.

"Tulikuwa wapi?" akauliza Mzee Longinus.

"Kwenye mbuzi, baba."

"Mmenikatiza. Naanza upya. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba," akajibu, akipiga makofi.

"Na mbuzi?"

"Sina mbuzi, baba."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo."

Zaitun aligeuka pembeni akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee akapita kwenye maharage bila haraka. Alipokuwa akimuulizia shemeji wa tatu upande wa wakwe, simu ikalia juu ya vitenge: somo limetimia, chaji asilimia moja.

Wanafunzi waliitazama Jumapili, mara nne, simu ikiwa kwenye umeme wa sola ya mkuu wa shule. Jumatatu msimamizi wa mtihani aliandika kwamba hakuna bureti iliyovunjika, akapigia mstari neno "hakuna".

Tangu hapo walimu na wanafunzi hupanda kichuguu kila Jumamosi wakiwa na beseni, na Mzee Longinus huitwa rasmi kupima muda kwa salamu zake. Kwa mtihani wa zamani, salamu za hadi kwenye mbuzi zinatosha. Kwa video, sharti afike kwa wakwe.